Mawe yetu yanahesabiwa, kura zetu hapana



Tarehe 20 Desemba 2023 nchi ilipiga kura. Goma ilipiga. Walikale ilipiga. Masisi na Rutshuru hazikupiga, pamoja na Kwamouth kule Mai-Ndombe. CENI ilieleza kama usalama hauko. Hatutaki kudanganya mtu: kweli usalama haukuwa. Lakini katika wiki zile zile mawe yaliendelea kutoka Rubaya. Magunia yalipimwa, pikipiki zilipita, kila barieri ilipokea yake. Kwa karatasi ya kura njia ilikuwa imefungwa, kwa koltani njia ilikuwa wazi.

Bunge la taifa liko na viti 500. Lilianza kazi mwaka 2024 bila wadepite wa Masisi. Linapitisha bajeti, linatunga sheria, na ndani yake hakuna mtu aliyetumwa na kura za watu wa Masisi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Basi jiwe letu liko katika simu za watu wa Ulaya, Marekani na China, na sisi wenyewe hatuko katika hesabu ya Kinshasa.

Tunaandika leo kwa sababu maneno yameanza. Jioni, wakati watu wametoka shimoni na wako wanangoja chakula, wanazungumza juu ya mwaka 2028. Huyu anasema: safari hii tumpe mtoto wetu. Yule anasema: twende na chama cha mukubwa wa nchi ili tusikose kitu. Wa tatu anasema hatapiga kura tena hata siku moja. Sisi wa sendika tumesikiliza. Mbele ya kuuliza tumpe nani, tunaomba tuulize kwanza: tangu tuanze kupiga kura, tulipiga namna gani, na tulipata nini?

Tangu 2006 mpaka leo

Wazee wanakumbuka foleni za tarehe 30 Julai 2006. Watu waliamka usiku, wamama na watoto mgongoni, wengine walitembea saa nyingi katika msitu wa Walikale. Katika duru ya pili, tarehe 29 Oktoba, Joseph Kabila alishinda katika nchi nzima kwa asilimia 58. Kwetu Kivu ya Kaskazini alipata zaidi ya kura tisa kwa kila kumi. Hatukumpa kwa ajili ya programu yake. Wengi wetu hatukuisoma. Tulimpa kwa sababu ya neno moja: amani. Mwaka uliofuata Masisi ikawaka tena, jeshi na CNDP ya Laurent Nkunda, na wale waliopanga foleni ya kura wakapanga foleni ya unga katika kambi.

Mwaka 2011, tarehe 28 Novemba, mambo yalibadilika. Sehemu ya Kivu ilikuwa imechoka, ikaenda na Vital Kamerhe ambaye alikuwa ameachana na Kabila. Walikale ilimtuma bungeni Juvénal Munubo wa UNC, chama cha upinzani wakati ule. Lakini Masisi ilikuwa na hadithi yake. CNDP ilikuwa imekuwa chama cha siasa katika upande wa rais, na wanajeshi wake walikuwa wameingia katika jeshi la taifa bila kuondoka milimani. Waangalizi wa haki za binadamu walieleza namna watu walivyolazimishwa kura. CENI yenyewe iliomba matokeo ya wadepite yafutwe katika sehemu saba za nchi, na Masisi ilikuwa moja. Miezi michache kisha, katika 2012, M23 ikazaliwa.

Mwaka 2018, tarehe 30 Desemba, zamu ya kukosa ilikuwa ya ndugu zetu wa Beni na Butembo. Siku nne tu mbele ya kura, CENI iliwaahirisha mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Rais aliapa tarehe 24 Januari 2019. Watu zaidi ya milioni moja waliambiwa wapige kura wakati kiti cha rais kimekwisha kupata mwenyewe. Kule Beni watu walifanya kura yao ya mfano, na karatasi za kuandika kwa mkono, ili tu waonekane kama wako. Sisi wa Masisi na Walikale tuliwaonea huruma. Hatukujua kama miaka mitano kisha itakuwa sisi.

Ukiangalia miaka yote hii, utaona kitu kimoja. Tunapiga kura kwa ajili ya amani, tunakosa amani, halafu ukosefu wa amani unakuwa sababu ya kutunyima kura. Hapo ndipo tumefungwa.

Na kuna tabia nyingine. Wale tunaowatuma hawabaki pale tulipowaweka. Wengi walichaguliwa mwaka 2018 katika FCC ya Kabila. Wakati Rais Tshisekedi alivunja ule muungano mwisho wa 2020, kundi kubwa lao, kutoka kila jimbo, liliingia katika Union Sacrée kwa miezi michache. Nani aliulizwa? Hakuna aliyerudi kijijini kusema: ninyi mlinituma huku, sasa ninataka kwenda kule, munasema nini?

Sheria nayo inasukuma hivyo. Kwa kura ya wadepite wa taifa, orodha ya chama au ya muungano wa vyama inapaswa kufika asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Mtu anaweza kupendwa katika Walikale yote, kama chama chake hakifiki ile asilimia 1, kura zake zinaanguka. Kwa hiyo kila kandida anakimbilia gari kubwa la mtu wa Kinshasa. Akipanda, anajua nani alimbeba. Hatukuwa sisi.

Mwenye jiwe na mwenye kiti

Wachimbaji wa Rubaya wanajua habari hii kuliko sisi, lakini vijana wengi hawakuambiwa vizuri. Kilima cha Bisunzu kilikuwa na kibali cha kampuni ya SMB, ya Édouard Mwangachuchu. Wachimbaji walikuwa katika koperative COOPERAMMA, iliyoongozwa na Robert Seninga. Mwaka 2013 walipatana: koperative ichimbe ndani ya kibali, iuzie kampuni. Baadaye wakagombana juu ya malipo na juu ya nani anauza wapi. Na wote wawili walikuwa wanasiasa. Mwangachuchu alikuwa depite wa taifa wa Masisi. Seninga alikuwa depite wa jimbo, akafika kuongoza bunge la jimbo kule Goma. Mwaka 2023 Mwangachuchu alihukumiwa kifo na Mahakama Kuu ya Jeshi kwa kosa la uhaini.

Hatuandiki haya ili kumhukumu mmoja au mwingine. Mahakama iko kwa kazi yake. Tunaandika kwa sababu ya sisi wenyewe. Mchimbaji aliyekuwa na lalamiko juu ya bei ya kilo, angelipeleka wapi? Mlango wa kampuni ulikuwa wa depite. Mlango wa koperative ulikuwa wa depite mwingine. Na wakati wa kura, Mututsi aliambiwa asimame na huyu, Muhutu aliambiwa asimame na yule, Muhunde naye akaambiwa atafute wake. Ugomvi wa bei ya jiwe ukageuka kuwa ugomvi wa makabila. Yule aliyeingia shimoni asubuhi, wa kabila lolote, alibaki na mkono mtupu uleule.

Hofu ya zamani

Watu wa mbali wanatucheka: hawa wa Kivu wanapiga kura kwa kabila tu. Hatukubali kuchekwa hivyo. Hii tabia iko na mzizi, na mzizi wake ni hofu.

Mwaka 1991, wakati nchi ilikuwa inangojea demokrasia, serikali ilituma watu kuandika nani ni mzalendo na nani si mzalendo. Masisi ikagawanyika, kwa sababu kuandikwa kulikuwa na maana ya kupiga kura, na kupiga kura kulikuwa na maana ya nani atakuwa chifu na nani atakuwa na shamba. Mwezi wa Machi 1993, katika soko la Ntoto, teritware ya Walikale, watu waliuawa. Moto ule ulipanda mpaka Masisi yote. Wahutu walikufa, Wahunde walikufa, Watutsi walikufa, Wanyanga walikufa. Tulio na miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto, tulibebwa au tulikimbia kwa miguu yetu.

Basi mtu aliyeona vile, wakati anafika katika biro ya kura, haulizi programu. Anauliza: kukitokea tena kama Ntoto, nani atanitetea? Anampa mtoto wa kwao. Ni akili ya mtu aliyeogopa, si ujinga.

Lakini tuulize kwa upole: yule mtoto wa kwetu alitutetea? Kati ya wale tuliowatuma tangu 2006, wa makabila yote, ni wangapi walilala hata usiku mmoja katika kambi za Sake au za Bulengo? Wakati mashimo yanaanguka juu ya vijana, ni wangapi walikuja kuhesabu maiti na kusaidia mazishi? Kila kundi likae na wazee wake, lijibu lenyewe. Sisi jibu letu tunalijua.

Kosa letu wenyewe

Haitakuwa haki kusema makosa ya wengine na kuficha yetu. Katika kampeni ya 2018, kandida mmoja alifika kwenye kilima tulichokuwa tunafanyia kazi, upande wa Walikale. Hatutamtaja. Alikuja na matriko, vikwembe, chumvi, na katoni za bia. Sisi viongozi wa wachimbaji alituita pembeni. Aliahidi mabati kwa kituo cha afya na motopompu moja ya kutoa maji katika mashimo. Nusu ya mabati yalikuwa yamekwisha kuletwa, tuliyaona kwa macho. Tukasimama mbele ya watu, tukawaambia: huyu ndiye wa mchimbaji.

Watu walitusikiliza, wakampa. Nusu ya pili ya mabati haikufika. Motopompu haikufika. Namba yake ya simu ilibadilika. Mwaka ule wa mvua, shimo lilijaa maji na wenzetu wawili walikufa ndani. Mjane wa mmoja alitukuta sokoni akatuuliza: ile pompu yenu iko wapi? Hatukuwa na neno la kumwambia.

Tulipokaa kuchunguza kosa letu, tuligundua kama hatukuuza kura kwa bei ndogo tu. Tulimuuliza kandida kitu ambacho si kazi yake. Pompu si kazi ya depite. Kazi ya depite ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuita wakubwa kujieleza. Pesa ya pompu ilikuwa mahali pengine, na ilikuwa yetu kwa sheria. Hatukujua kuiulizia.

Pesa iko wapi

Sheria ya madini ya 2018 iko wazi, na kila mchimbaji anapaswa kuijua kama anavyojua uzito wa kilo. Kampuni yenye kibali cha kuchimba inalipa ushuru wa madini unaoitwa redevance. Kwa bati, ni asilimia 3.5 ya thamani. Kwa koltani, ambayo serikali iliitangaza kuwa jiwe la mkakati, ni asilimia 10. Pesa ile inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au sheferi ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena, nje ya ile, kampuni inatoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyozunguka mgodi.

Tufanye hesabu ndogo. Kasiteriti ya thamani ya dola 1,000,000 inazaa redevance ya dola 35,000. Sekta inapata dola 5,250. Vijiji vinapata dola 3,000 za ile 0.3. Sasa kumbuka kama mgodi wa Bisie, katika grupema ya Wassa, sekta ya Wanianga, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati katika mwaka 2024. Ni mgodi mkubwa kabisa, sehemu inayoonekana ya bati ya dunia nzima. Kila mtu achukue kalamu aendelee na hesabu mwenyewe.

Nani anachunguza matumizi ya ile pesa? Sheria inasema sekta na sheferi ziwe na mashauri yaliyochaguliwa na wananchi. Shauri ndilo linapitisha bajeti ya sekta na kumuuliza mkuu wa sekta: ulipokea ngapi, ulitumia ngapi? Tangu 2006 mpaka leo, hatujapiga kura hiyo hata mara moja. Mwaka 2023 walichagua washauri wa komini katika miji mikuu ya majimbo tu. Sisi wa sekta na sheferi tuliambiwa tungoje. Wakuu wa sekta wanateuliwa, na mtu aliyeteuliwa anamtazama aliyemteua.

Juu yake, tangu tarehe 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini iko chini ya hali ya kuzingirwa. Gavana anateuliwa kutoka juu, bunge la jimbo lilisimamishwa. Kwa hiyo hata ile asilimia 25 ya jimbo haina mchaguliwa wa kuichunguza. Kwa upande wa Masisi, ni mbaya zaidi. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko katika mikono ya M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu ushuru wa dola 800,000 kila mwezi juu ya koltani. Kuna wenye kusema: basi angalau kule kuna utaratibu. Tunawajibu hivi: mtu anayekutoza ushuru na haumwezi kumuondoa kwa kura, atakusikiliza kwa sababu gani? Na jibu hili ni kwa kila mwenye bunduki, wa upande wowote, pamoja na wale wanaojiita watetezi wetu na kutungojea kwenye barieri.

Walikale isijidanganye

Ndugu wa Walikale, ninyi mulipiga kura 2023, muko na wadepite. Musifikiri jambo la Masisi ni la Masisi. Mwezi wa Machi 2025 kampuni ya Bisie ilifunga mgodi tarehe 13, na tarehe 19 M23 ikaingia Walikale-centre. Watu walilala msituni. Walitoka mwanzoni mwa Aprili, na mgodi ukarudilia kazi pole pole. Kama wangebaki, na kama mwaka ule ungekuwa wa kura, tungesikia tena: usalama hauko, Walikale itangoja. Teritware yenu ni zaidi ya theluthi moja ya jimbo. Ikikosekana pamoja na Masisi na Rutshuru, ile inayoitwa kura ya Kivu ya Kaskazini itakuwa kura ya nani?

Mambo tunayoomba

Kwa CENI na serikali tunaomba haya.

Kwanza, watu wa Masisi na Rutshuru waliofukuzwa makwao waandikishwe pale walipo, na majina yao yabaki ya Masisi na ya Rutshuru. Viti vya wadepite wa taifa vinagawanywa kwa kufuata hesabu ya walioandikishwa, si kwa hesabu ya watu wanaoishi. Wakiandikishwa kama watu wa Goma, Masisi itapunguka katika karatasi wakati watu wake wako hai. Tena karte ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu. Asiyekuwa nayo anateswa kwenye kila barieri, na ni vigumu apate karte ya mchimbaji.

Pili, katika kila mapatano yanayotafutwa sasa, Doha ao Washington, tarehe ya kura ya Masisi na Rutshuru iandikwe. Tunasikia wanaongea juu ya madini, mipaka na wanajeshi. Juu ya kura za hawa watu hatujasikia kitu.

Tatu, kura za mashauri ya sekta na sheferi zifanyike, na zianzie mahali ambapo mgodi unalipa redevance. Kabla ya siku ile, kila mkuu wa sekta abandike kwenye mlango wa ofisi yake hesabu ya kilichoingia na kilichotoka, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa tu.

Kwetu wachimbaji wenyewe, tunaombana haya.

Chagua vizuri mahali unapojiandikisha. Wengi wetu tunahama na jiwe. Leo Rubaya, kesho Bisie, kesho kutwa Nyabibwe ng'ambo ya Kalehe. Unajiandikisha kwenye mgodi, siku ya kura uko mgodi mwingine, na biro ya kura inakukataa kwa sababu jina lako liko pale ulipojiandikisha. Jiandikishe mahali unapojua utakuwepo, ao mahali familia yako iko. Na mama wa nyumba asingoje mume arudi kutoka kilimani. Yeye ndiye anakaa kijijini, yeye ndiye anajua kama kituo cha afya kiko na dawa.

Kandida akifika, musimzuie kugawa chumvi. Watu wako na njaa, hatutamwambia mama akatae chumvi. Lakini mbele ya watu wote mumuulize: ile asilimia 15 ya sekta yetu, mwaka jana ilikuwa dola ngapi? Ukifika Kinshasa utamwita waziri gani ajieleze juu yake? Ukitaka kuhama upande, utarudi hapa kutuambia? Asiyejua jibu ajifunze, arudi wiki ijayo. Asiyetaka kujibu, tumemjua.

Na tuanze nyumbani. Katika koperative, sheria ya OHADA inayofuatwa pia na nchi yetu inasema kila mwanachama yuko na sauti moja, PDG na mchimbaji wa chini sawasawa. Lakini ni koperative ngapi zimeitisha mkutano mkuu na kupiga kura ya kweli? Nyingi ziko na mwenye kuziongoza tangu mwanzo, kama shamba la baba yake. Kura hii haingoji CENI, haingoji mashine kutoka Kinshasa. Inaomba orodha ya wanachama, sanduku na siku moja bila kazi. Hata wenzetu waliokimbia wanaweza kuifanya na wale wa koperative yao walio karibu nao.

Sisi wa sendika tumeanza kwetu. Ile kamati iliyopokea mabati 2018 ilijiuzulu mbele ya wanachama, na tulipiga kura upya. Waliochaguliwa ni wa makabila manne. Hatukupanga hivyo, kura ilitoka hivyo. Jambo la kwanza walilofanya ni kuandika barua kwa mkuu wa sekta, kuomba hesabu. Jibu halijakuja. Tumeandika barua ya pili, na nakala tumebandika kwenye njia ya kwenda kilimani, ili kila mtu anayepanda na kushuka na gunia aisome. Siku jibu litakapofika, tutalibandika palepale.